Unaanzaje upya bila kutupa ulichojifunza? Naomba utaratibu wa vitendo

Mpanda_Ngazi

Habari zenu wakuu.

Naomba msaada wa wanaolifahamu jambo hili kwa undani. Ushauri unaosikika kila upande ni kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo: funga ukurasa, choma madaftari ya zamani, kuwa mtu mpya. Tatizo ni kwamba anayefunga ukurasa kwa namna hiyo hukutana tena na jambo lile lile likiwa na sura nyingine. Aliyeacha kazi kwa sababu alikubali kila alichopewa hadi akaelemewa, anaelemewa tena kwenye kazi mpya. Aliyesimamisha mazoezi baada ya kuumia goti, anarudi kwa kasi ile ile iliyomuumiza.

Upande wa pili wapo wanaokumbuka kila kitu na hawasogei. Kila wakitaka kujaribu, kumbukumbu inawatangulia na kuwarudisha nyuma.

Maswali yangu ni haya:

1. Tukio likishapita, uandike nini hasa ili somo lifanye kazi siku nyingine? Kwa urefu gani?
2. Uyapitie maandishi hayo kila baada ya muda gani?
3. Utajuaje kwamba somo la zamani limepitwa na wakati na sasa linakuzuia?
4. Kwa nini mtu anayelijua somo vizuri kabisa bado hurudia kosa?

Naomba tusiishie kwenye "jiamini" na "jifunze kutokana na makosa". Nataka hatua.

---

Kalamu_ya_Risasi

Mkuu, nijibu swali la kwanza, maana wengi hupotezea somo hapo hapo. Huandika tukio, huandika walivyojisikia, kisha hufunga na ahadi: "nitakuwa makini zaidi." Ahadi hiyo haina saa, haina mahali, haina kitendo. Hali ikijirudia, hakuna kitu ndani yake cha kukugutusha.

Andika ndani ya siku mbili tangu jambo litokee. Nusu ukurasa inatosha. Ukizidi hapo hutayasoma tena. Weka mambo matano: ulitarajia nini, kilitokea nini (maneno yaliyosemwa, tarehe, kiasi, nani alikuwepo), wakati unaamua ulikuwa unajua nini na hujui nini, ishara ya kwanza iliyoonekana kabla mambo hayajaharibika au hayajanyooka, na mwisho kanuni.

Hilo la tatu ndilo linalorukwa, na kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alionyesha kwamba mtu akishaambiwa jambo lilivyoisha, huliona kama lilikuwa wazi tangu mwanzo, na hatambui kwamba kuyajua matokeo ndiko kulikombadilisha mawazo. Ukingoja mwezi mzima ndipo uandike, utaandika "ningepaswa kujua." Unajilaumu, wakati taarifa ulizokuwa nazo siku ile huenda zisingekuruhusu kujua chochote. Somo la kweli pengine ni kwamba hukuuliza swali fulani, na hilo ni tofauti kabisa na "mimi ni mzembe." Kwa maamuzi makubwa, andika kabla: mistari mitatu yenye tarehe inayosema unaamua nini, kwa sababu gani, na unategemea nini kitokee kufikia lini. Baadaye unasoma mawazo yako halisi ya siku ile, si kumbukumbu iliyokwisha kurekebishwa na matokeo.

Sasa kanuni yenyewe. Iandike kwa umbo la "nikiona hiki, nitafanya kile." Mwaka 1999 Peter Gollwitzer aliandika muhtasari wa tafiti juu ya mipango ya namna hii, na zimeendelea kurudiwa tangu wakati huo: anayefunga nia yake kwenye ishara maalumu hutekeleza zaidi kuliko mwenye nia tupu, kwa sababu ishara yenyewe ndiyo inayomkumbusha. Chukua mfano wako wa kazi. "Nisikubali kazi nyingi" ni nia tu. Kanuni ni hii: "Nikiombwa kazi mpya nami nina mbili ambazo hazijakamilika, nitasema 'nitakupa jibu kesho asubuhi', kisha nitafungua kalenda kabla ya kukubali." Hapo kuna ishara inayoonekana, kuna kipimo, na kuna maneno ya kutamka. Maneno ya kutamka usiyadharau. Anayeelemewa hukosa sentensi ya kusema ndani ya sekunde tatu za kwanza, na "ndiyo" hutoka kwa kuwa ndilo neno lililo karibu.

Chini ya kila kanuni ongeza mstari mmoja unaoanza na "isipokuwa." Kanuni isiyo na mpaka huishia kutumika mahali isipohusika.

Jambo jingine linalosahaulika: andika pia yaliyofaulu. Jeshi la Marekani lina utaratibu wa mapitio baada ya zoezi, ulioanza miaka ya 1970. Wahusika huulizana nini kilikusudiwa, nini kilitokea, kwa nini, na nini kidumishwe au kirekebishwe. Kudumisha kumo ndani ya maswali yenyewe. Anayeandika makosa peke yake hubadilisha kila kitu kila anapoanza upya, hata yale yaliyokuwa yanambeba. Mtu alifeli mtihani, anatupa ratiba nzima ya kusoma, kumbe ratiba ilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni kujiuliza maswali bila kutazama kitabu.

Na usitoe kanuni kubwa kwenye tukio moja. Tafuta tukio la pili linalofanana nalo, yaweke kando kwa kando, uandike kilichokuwa sawa kwa yote mawili. Mary Gick na Keith Holyoak walionyesha mwaka 1983 kwamba wasomaji waliolinganisha visa viwili vyenye kiini kimoja walikitumia kiini hicho kwenye tatizo jipya zaidi kuliko waliosoma kisa kimoja. Kisa kimoja hubaki kimeshikamana na watu wake na mahali pake. Ukiona umegombana na msimamizi mmoja, somo litakuwa "yule bwana ni mgumu." Ukiweka ugomvi wa pili kando yake, huenda ukaona kwamba magomvi yote mawili yalianza pale ulipopewa maelekezo kwa mdomo na hukuyarudia kwa maandishi. Somo hilo utalibeba hadi kwenye kazi yoyote.

---

Dira_Kusini

Nadakia swali la nne.

Watu wanadhani tabia ikiachwa imefutika. Haikufutika. Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyewazoeza mbwa kutoa mate kwa ishara ya chakula, aliliona hili mwenyewe: itikio hilo, lililozimwa kwa majaribio mengi lilirudi lenyewe baada ya kupumzika. Mwanasaikolojia Mark Bouton amelichunguza kwa miaka mingi akaonyesha jambo muhimu zaidi kwetu: itikio lililozimwa mahali fulani hurudi pale mazingira yanapobadilika. Kwa hiyo kuacha ni kujifunza jambo jipya juu ya lile la zamani, na hilo jipya limefungwa zaidi na mahali ulipojifunzia. Lile la zamani lipo chini, halijaharibika, linangoja mazingira.

Ukilielewa hilo, "kuwa mtu mpya" inapoteza maana, na jibu la swali lako linajitokeza. Mtu amejifunza kutojibu kwa hasira akiwa nyumbani kwake, amelala vizuri, hana haraka. Kisha anahamia kazi mpya, halali, anakutana na sauti ya kufoka. Somo analo, lakini mazingira si yale lilikozoezwa. Watu humwambia hakujifunza. Alijifunza mahali pamoja.

La kufanya:

Kila kanuni yako izoeze angalau katika mazingira matatu tofauti, kwa makusudi. Ya kusema "nitakupa jibu kesho" itumie kazini, kwa ndugu, na kwenye simu. Anza na maombi madogo yasiyo na gharama ili mdomo uizoee.

Kisha orodhesha mabadiliko yanayokuja: kuhama, msimamizi mpya, mtoto kuzaliwa, safari ndefu, ugonjwa, kufiwa. Hizo ndizo nyakati za kurudi kwa mambo ya zamani. Wiki moja kabla, au siku ile ile kama halikutarajiwa, soma kanuni zako na uchague mbili tu zinazoweza kuvunjika. Ziandike upya kwa ishara za mahali papya. Kama ishara ya zamani ilikuwa "nikifika mlangoni" na sasa mlango huo haupo, kanuni imekufa bila wewe kujua.

Kuhusu muda, msidanganyike na lile dai kwamba mazoea hujengeka kwa siku 21. Phillippa Lally na wenzake London walifuatilia watu 96 katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010. Muda wa kati wa kitendo kuwa mazoea ulikuwa siku 66, na makadirio yalianzia siku 18 hadi 254 kutegemea mtu na kitendo. Kunywa maji baada ya chakula hushika upesi kuliko mazoezi ya viungo. Anayejipa wiki tatu hukata tamaa pale ambapo bado yuko njiani, kisha anatupa mpango mzima na kutafuta mwingine. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa mazoea.

Kuteleza kwenyewe kuna hatari ndogo kuliko maelezo unayojipa baada ya kuteleza. Alan Marlatt, aliyeshughulika na watu wanaoacha pombe, alieleza jinsi mtu anayevunja nadhiri mara moja anavyosema "basi, nimeshaharibu," na hapo ndipo kurudi kamili kunapoanza. Siku ukiteleza andika mstari mmoja: leo palikuwa na nini tofauti? Usiandike kitu kingine. Mstari huo utakuonyesha mazingira ambayo kanuni haijayafikia, na kanuni inapata "isipokuwa" mpya au ishara mpya.

---

Mpanda_Ngazi

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichotegemea. Nina wasiwasi mmoja. Kupitia yaliyopita mara kwa mara hakuwezi kugeuka kuwa kuyachimba bila mwisho? Wapo ambao ukiwaambia waandike tukio lililowaumiza, wanabaki humo wiki nzima.

---

Bi_Utulivu

Ndugu yangu, wasiwasi wako ni wa haki, na ningependa kila anayeshauri watu waandike aanze nao.

Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alitumia sehemu kubwa ya kazi yake kuonyesha kwamba kuzunguka kwenye maumivu na sababu zake bila kufika kwenye kitendo hurefusha na kuzidisha huzuni. Na kunamdanganya mtu, kwa kuwa anajihisi yuko kwenye kutafakari. Njia ya kutofautisha ni kutazama ukurasa wenyewe. Baada ya dakika kumi na tano, je, kuna sentensi mpya ambayo jana haikuwepo? Kama sentensi ni zile zile, na swali kuu ni "kwa nini mimi," simama. Badilisha swali liwe "ilianzaje, hatua kwa hatua" au "mara nyingine ishara ya kwanza itakuwa ipi." Likikataa kubadilika, funga daftari ufanye kazi ya mikono au utembee, urudi siku nyingine.

Weka mipaka ya muda tangu mwanzo. Katika jaribio la James Pennebaker na Sandra Beall la mwaka 1986, wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, kisha basi. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika, lakini miezi iliyofuata walikwenda kwenye kituo cha afya mara chache kuliko wengine. Chambuzi za baadaye zilionyesha kwamba walionufaika zaidi ni wale ambao siku kwa siku maneno ya sababu na kuelewa yaliongezeka katika maandishi yao: "kwa sababu," "nimetambua," "sasa naona." Kwa hiyo kujisikia vibaya baada ya siku ya kwanza si dalili mbaya. Kubaki na maneno yale yale hadi siku ya nne ndiyo dalili.

Kwa tukio bichi, andika ukijitaja kwa jina lako badala ya "mimi." Ethan Kross na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba kujizungumzia kwa jina humpa mtu umbali na kumpunguzia fadhaa. Kwa jina lako utajiuliza maswali ambayo ungemuuliza rafiki, na rafiki huwa hatumsomei mashtaka.

Pia kuna matukio ambayo hayafai kuanzia kwenye daftari. Ukatili, ajali mbaya, kifo cha ghafla. Kama ndoto zinakuamsha, kama mwili unatetemeka ukikumbuka, kama umefikiria kujidhuru, mtafute mtaalamu wa afya ya akili kwanza, na kama ni mawazo ya kujidhuru, fanya hivyo leo. Somo litasubiri. Hakuna anayedaiwa somo kutoka kwenye kila jeraha, na mengine hayana somo lolote kwa aliyeumizwa, maana kosa halikuwa lake.

---

Jicho_la_Pili

Naona swali la pili na la tatu hayajaguswa, na kuna jambo moja la Kalamu sikubaliani nalo.

Mapitio kwanza. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alipojipima kumbukumbu mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, sehemu kubwa ya alichokariri ilikuwa imepotea ndani ya siku moja, kisha upotevu ukapungua kasi. Alikariri silabi zisizo na maana, hivyo maisha yako hayatapotea kwa kasi hiyo, lakini umbo la mstari wa kusahau ni lile lile: mapema mengi, baadaye kidogo. Ndiyo maana mapitio hukaribiana mwanzoni, kisha huachana. Mpangilio unaofaa ni siku ya pili, wiki moja, mwezi mmoja, miezi mitatu, kisha mara moja kwa mwaka. Na usisome tu. Funika ukurasa, sema kanuni kwa kumbukumbu, ndipo ufunue. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliosoma tena walifanya vizuri wakipimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki waliojipima kwa kumbukumbu ndio waliobaki na mengi. Kusoma tena kunakupa hisia ya kujua, nayo hisia hiyo hupotosha.

Kanuni zinazofanya kazi kwa wakati mmoja zisizidi tano. Daftari lenye kanuni arobaini halina kanuni.

Kuhusu somo lililopitwa na wakati, tafuta dalili hizi. Kanuni haikumbuki tena sababu yake: ukijiuliza ilitoka kwenye tukio gani, hupati jibu. Au inakuzuia mara nyingi na hujawahi kuona ilikukinga na nini. Au mazingira yaliyoizaa yamekwisha: "nisimwamini mtu na fedha" ya mtu aliyedhulumiwa akiwa hana mkataba wala stakabadhi si kanuni ya mtu ambaye leo anaandikiana. Hapo usiifute. Ipeleke kwenye ukurasa wa nyuma pamoja na tarehe, tukio lililoizaa, na sababu ya kuistaafisha. Ukiifuta kabisa, miaka kadhaa baadaye utaianzisha tena kwa maumivu yale yale, kwa kuwa hutajua uliwahi kuwa nayo wala kwa nini uliiacha. Na kabla ya kuistaafisha ijaribu kwa kiasi kidogo: fedha ambayo ikipotea haikutikisi, muda wa mwezi mmoja, kwa maandishi.

Somo baya huzaliwa pia na matokeo mazuri, na hili halisemwi vya kutosha. Jonathan Baron na John Hershey mwaka 1988 waliwapa watu maamuzi yale yale yenye miisho tofauti. Uamuzi ulioisha vibaya ulihukumiwa kuwa mbovu zaidi ingawa taarifa zilikuwa sawa. Aliyeendesha gari akisinzia akafika salama, amejifunza kwamba inawezekana. Kwa hiyo weka alama mbili tofauti daftarini: moja ya uamuzi kwa taarifa ulizokuwa nazo, nyingine ya matokeo. Mchanganyiko wa kuogopwa kuliko yote ni uamuzi mbovu wenye matokeo mazuri. Huo ndio watu huujengea mtindo wa maisha.

Sasa tofauti yangu na Kalamu. Kusubiri tukio la pili ndipo utoe kanuni ni sawa kwa ugomvi wa kazini na ratiba ya kusoma. Kwa mambo yasiyorudi nyuma si sawa. Dawa iliyokuletea uvimbe wa koo, kumwekea mtu dhamana ya mkopo usiouweza kuulipa: huwezi kungoja mara ya pili ili ulinganishe.

---

Kalamu_ya_Risasi

Jicho, nakubali, na naongeza namna ya kuziandika hizo. Kanuni ya tukio moja lenye madhara yasiyorudi nyuma ipe alama yake pembeni, kwa wino mwingine, na kwenye "isipokuwa" andika jina la mtu anayeweza kuilegeza: daktari, mwanasheria, fundi mwenye ujuzi. Wewe peke yako usiilegeze. Zile nyingine zote unaweza kuzijaribu na kuzibadilisha mwenyewe kwenye mapitio ya miezi mitatu.

Tukio la pili la kulinganisha, wala halilazimiki kuwa lako. La ndugu, la mwenzako kazini, au lililoelezwa hadharani linatosha, mradi ujue hatua zake na si mwisho wake tu. Na pale ambapo hakuna kabisa, tumia njia aliyoieleza mwanasaikolojia Gary Klein mwaka 2007: kabla ya kuanza, chukulia kwamba mpango umekwisha kushindikana, kisha andika kwa dakika kumi sababu zote zilizouangusha. Zile zinazofanana na kurasa zako za zamani zipigie mstari. Mpanda_Ngazi, kwa yule wa goti, orodha hiyo ingeanza na kasi ya wiki ya kwanza, na kanuni ingekuwa: "Nikimaliza zoezi na goti likauma asubuhi inayofuata, nitarudi kwenye kiasi cha wiki iliyotangulia, isipokuwa likivimba, hapo nasimama na kumwona daktari."